Panya hawaugui pumu, naugua mimi

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, pua imebanwa kwa kibanio, mdomo umeng'ang'ania kimrija, nikaambiwa nipumue kama kawaida. Mvuke uliokuwa ukitoka mle ulikuwa na methakolini, dawa inayobana mirija ya hewa. Naijua dawa hiyo. Nimeipima kwenye mizani asubuhi nyingi, najua unga wake unavyovuta unyevu ukiacha kopo wazi, najua unavyonata kwenye kijiko. Kwa miaka sita nilikuwa nawavutisha panya wa maabara. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu.

Kipimo chenyewe, cha kujua kama mtu ana pumu, si kigumu kukielewa. Unavuta dozi ndogo, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote kwenye mashine inayopima hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza. Dozi inaongezwa, unapuliza tena. Mwenye mapafu matulivu hufika dozi ya mwisho huku anaangalia saa ya ukutani. Mwenye pumu, mirija yake ya hewa hujibana mapema, na ile hewa ya sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 20 kipimo kinasimamishwa, anapewa salbutamoli ya kuifungua mirija. Mimi dozi ya tatu tu kifua kilianza kupiga mluzi. Nikainua mkono.

Mkono huo niliuwaza njia nzima ya kurudi. Panya hainui mkono.

Daktari alikuwa ameniuliza mapema kama nafuga mnyama nyumbani. Nikasema hapana, nafuga kazini. Wangapi? Nikapiga hesabu ya vizimba kichwani, nikamwambia mia nne hivi, kila kimoja na panya wanne au watano. Akaweka kalamu chini.

Chanzo kilikuwa mkojo. Mkojo wa panya una protini inayoitwa Mus m 1, na madume huitoa kwa wingi kuliko majike. Inakauka kwenye matandiko ya kizimba, inapanda hewani pamoja na vumbi kila unapokung'uta, na anayekung'uta ndiye anayeivuta. Mwaka wa pili nilianza kupiga chafya na kuwashwa macho. Mwaka wa tatu nilikuwa nakohoa usiku. Barakoa zilikuwepo, tena nzuri, lakini joto la chumba kile na haraka za kazi vilinifanya niivae shingoni kama kidani. Sina wa kumlaumu. Ugonjwa huu wa watu wa maabara unafahamika kwa miongo mingi na mafunzo nilipewa.

Kwa hiyo nimepata pumu kutoka kwa panya ambao wenyewe hawaugui pumu, katika maabara iliyokuwa ikiwatumia kutafuta dawa ya pumu. Nilipomsimulia mpwa wangu, binti wa miaka kumi na saba asiyependa kabisa kazi yangu, hakucheka. Aliuliza tu: "Sasa mjomba, kama hawaugui, mlikuwa mnawaua wa nini?"

Nimekuwa nikimjibu kwa vipande tangu siku hiyo. Leo nayaandika mahali pamoja.

Kwanza, pumu ya panya inavyopikwa. Wengi hudhani kuna panya wenye pumu mahali fulani, unaagiza, wanaletwa. Hakuna. Mwache panya alivyo, atazeeka na kufa bila kubanwa kifua hata siku moja. Ugonjwa inabidi umtengenezee. Mapishi ya zamani, niliyoanza nayo, ni ya ovalbumini, yaani protini ya ute mweupe wa yai la kuku. Unaichanganya na chumvi ya aluminiamu ili kuichokoza kinga ya mwili, unamchoma panya sindano ya tumboni, unarudia baada ya wiki mbili. Wiki moja baadaye unamtia kwenye kisanduku na kumvutisha mvuke wa protini ileile siku tatu mfululizo. Ukimpima siku inayofuata, mapafu yamejaa eosinofili, zile chembe nyeupe za damu zinazojitokeza kwenye mzio. Ute umeongezeka, kingamwili za IgE zimepanda, na ukimpa methakolini mirija yake inabana kuliko ya mwenzake aliyevutishwa maji ya chumvi. Siku ishirini na kitu, umeshapata "pumu".

Sijawahi kukutana na mgonjwa aliyeipata pumu kwa kudungwa yai tumboni.

Na kuna jambo linalochekesha zaidi. Ukiendelea kumvutisha mvuke ule kwa wiki nyingi ili ugonjwa ukomae, panya anauzoea. Kinga yake inaamua kuwa yai si adui, uvimbe unapungua, na wewe umebaki na panya mzima na ratiba iliyoharibika. Binadamu anaweza kukaa na pumu miaka arobaini. Baadaye tulihamia kwenye utitiri wa vumbi la nyumbani, unaodondoshewa panya puani bila aluminiamu yoyote. Huo angalau ni mzio unaowasumbua watu kweli, na unaingia kwa njia ileile unayoingilia kwa watu. Lakini bado ni sisi tuliomdondoshea.

Hata ukoo wa panya unachaguliwa. Weupe wa BALB/c wanapendwa kwa sababu kinga yao ina mwelekeo wa mzio tangu kuzaliwa. Weusi wa C57BL/6 mirija yao haishtuki kirahisi hivyo, ila ndio waliozoeleka kwa kuchezewa jeni. Kila ukoo ni ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, hadi wote wanakaribia kuwa pacha. Ni kama kutafiti maradhi ya dunia nzima kwa kumpima mtu mmoja mara elfu.

Halafu kuna maumbile. Panya wetu ni wale wadogo, mzima ana uzito wa gramu 20 hadi 25. Pumzi yake moja ni kama mililita 0.2, matone manne ya maji. Ya kwangu ni karibu mililita 500. Njia zangu za hewa ni njia panda juu ya njia panda, kila moja inagawanyika mbili, mara 23 hivi hadi kufika kwenye vifuko vya hewa. Za panya ni shina refu linalotoa vitawi pembeni, na migawanyiko ni michache. Tezi za kutoa ute, ambazo kwa binadamu zimetapakaa kwenye mirija na ndizo huchangia kuiziba mtu anapokufa kwa shambulio, kwa panya ziko sehemu ya juu ya koo la hewa basi. Misuli inayoizunguka mirija yake ni haba. Histamini, inayombana mwenye pumu papo hapo, kwa panya haifanyi kitu cha maana. Kemikali anayoitegemea zaidi ni serotonini. Anapumua kwa pua peke yake. Wala hakohoi kikohozi utakachokitambua.

Nilipomaliza orodha hiyo mpwa wangu akaniangalia kwa ushindi, kana kwamba nimekubali kosa. Nikamwambia ngoja.

Tatizo la kwanza nililoliona kwa macho yangu halikuwa la panya, lilikuwa la kipimo. Mwaka 1997 ilienea njia ya kupima mirija ya panya akiwa macho, anatembeatembea ndani ya kisanduku cha plastiki. Mashine inasoma mabadiliko ya shinikizo la hewa kisandukuni na kukutolea namba inayoitwa Penh. Ilikuwa rahisi, haina damu, unapima panya kumi na sita kabla ya mchana, na wote wanarudi kizimbani. Tuliipenda. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Waliobobea kwenye fizikia ya mapafu walikuwa wanalalamika: namba ile inafuata zaidi jinsi panya anavyopumua, hata joto na unyevu wa kisanduku, kuliko kubana kwa mirija. Panya akisinzia inabadilika. Akinusa kona inabadilika. Mwisho tulinunua mashine ya njia ngumu, ambayo panya anapewa nusukaputi, anatiwa mrija kwenye koo la hewa, na mashine yenyewe inasukuma hewa na kupima upinzani. Tulirudia jaribio letu moja kubwa kwa njia hiyo. Tofauti tuliyokuwa tumeitangaza kwenye mkutano haikuwepo.

Profesa alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama kuna aliyekwisha kula. Madaftari mawili ya mwandiko wangu yako kwenye sanduku hadi leo.

Panya kwenye jaribio lile hatuwezi kuwarudisha. Hilo mpwa wangu ana haki nalo, na sikumbishia.

Kitu kingine nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya wanyama. Sote tulimwita Bi Mkubwa, maprofesa wakiwemo. Siku yangu ya kwanza aliniona nimemnyanyua panya kwa mkia, kama nilivyosoma kwenye mwongozo. "Mwanangu, ungependa mtu akuamshe usingizini kwa kukuninginiza mguu?" Akanionyesha namna ya kumwachia aingie mwenyewe kwenye bomba dogo la plastiki, au kumchota kwa viganja viwili. Nilidhani ni huruma za kimama. Mwaka 2010 ukachapishwa utafiti ulioonyesha wazi kwamba panya wanaoshikwa mkia wanakuwa na wasiwasi mwingi kuliko wanaobebwa kwa bomba au kiganja. Miaka minne baadaye mwingine ukaonyesha kuwa hata harufu ya mtafiti mwanamume peke yake inawapa panya msongo. Bi Mkubwa alinitumia habari hiyo bila kuandika neno lolote.

Kwa pumu jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Panya mwenye msongo anamwaga kotikosteroni mwilini. Hiyo ni steroidi, ya jamii moja na dawa iliyomo kwenye inhela yangu ya asubuhi na jioni. Kwa hiyo unaweza kuwa unajaribu dawa mpya ya kupunguza uvimbe wa mapafu kwa mnyama ambaye mikono yako imeshamvurugia dawa za mwili wake mwenyewe. Panya ni wa usiku pia, na sisi tulikuwa tunawapima saa nne asubuhi, usingizi wao ukiwa umekolea. Vitu vya namna hii haviandikwi kwenye ripoti. Fundi ndiye anayevijua.

Sasa niwatetee wanyama hawa, kwa sababu dawa ninazovuta zina historia yao ndani.

Kabla ya panya kutawala, mnyama wa pumu alikuwa simbilisi. Huyu ana misuli ya kutosha kwenye mirija, histamini inambana sawasawa, na anakohoa. Mwaka 1938 Wilhelm Feldberg, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Wanazi, na Charles Kellaway walikuwa Melbourne wakichunguza sumu ya nyoka. Walipitisha sumu ya fira kwenye mapafu ya simbilisi yaliyotolewa mwilini, wakachukua majimaji yaliyotoka na kuyaweka juu ya kipande cha utumbo wa simbilisi. Histamini hukaza utumbo ule haraka na kuachia haraka. Safari hii kulikuwa na kitu kingine: utumbo ulikaza taratibu, ukabaki umekaza. Hawakukijua ni nini, wakakiita kwa tabia yake, kitu kinachofanya kazi polepole. Baadaye kikaonekana kinatoka pia mapafu ya simbilisi wenye mzio yanapochokozwa.

Jina halisi lilichukua zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1979 kundi la Bengt Samuelsson nchini Sweden lilipata muundo wake wa kikemia, na walichotumia ni seli za uvimbe wa saratani ya panya. Ni lukotraini. Samuelsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Sune Bergström na John Vane. Mwaka 1998 montelukast, kidonge kinachozuia lukotraini zisimfikie mlengwa wake, kiliidhinishwa Marekani. Nimekimeza mimi kwa miezi minane. Ukinywa kidonge kile jua kuna nyoka, simbilisi na panya nyuma yake, na miaka sitini ya watu waliokuwa hawajui wanatafuta nini hasa.

Ila simbilisi naye amewadanganya watu. Kuna kemikali ya mwilini inaitwa PAF, iliyodhaniwa kuchangia pumu. Dawa za kuizuia zilimsaidia simbilisi vizuri sana, kwa binadamu zikaambulia patupu. Na kinyume chake kipo. Roger Altounyan, daktari aliyekuwa na pumu mwenyewe nchini Uingereza, aliamua kwamba mnyama mwafaka wa kujaribia dawa ya pumu ni yeye. Alikuwa na mzio wa simbilisi. Basi akawa anavuta mchanganyiko uliotokana na manyoya ya simbilisi hadi kifua kimbane, kisha anajaribu kiambato kipya, anapima, anaandika. Alifanya hivyo mara mamia kwa miaka. Mwaka 1965 kikapatikana kromoglikati, kilichokuja kuuzwa kwa jina la Intal. Kwa simbilisi hakikuwa kimeonyesha cha kutamanisha. Njia ya kawaida ingekitupa kwenye ndoo.

Namheshimu mtu yule na sidhani kuna kamati ya maadili leo ingemruhusu. Nilipokuwa kwenye kile kiti cha plastiki nilimkumbuka. Mimi nilikwenda mara moja, tena kuna daktari pembeni, na nikaogopa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha IL-5, na hiki ndicho kilichombadilisha mpwa wangu kidogo, japo hatakiri. IL-5 ni protini inayoziita na kuzilea eosinofili. Katikati ya miaka ya 1990 ilionekana kwamba panya aliyenyimwa jeni ya IL-5 hapati eosinofili mapafuni, na katika ukoo mmoja hata kushtuka kwa mirija kunaisha. Dunia ya pumu ikachangamka. Dawa ya kuzuia IL-5 ikatengenezwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa 24 wenye pumu nyepesi, matokeo yakatoka mwaka 2000. Eosinofili za damu zilianguka kama ilivyotabiriwa. Pumu haikujali. Mirija ilishtuka vilevile.

Watu wakasema panya ametudanganya. Nilikuwa sijaanza kazi wakati huo, lakini nilipoanza bado yalikuwa yanasemwa chumba cha chai.

Kisha mwaka 2004, kwenye toleo moja la jarida la Science, zikatoka makala mbili za panya wasio na eosinofili kabisa. Moja ikasema bila eosinofili mirija haishtuki. Nyingine ikasema mirija inashtuka kama kawaida, kilichopungua ni makovu na kukakamaa kwa kuta za mirija. Wa kwanza walikuwa C57BL/6, wa pili BALB/c. Weusi na weupe. Panya wale hawakupingana hata kidogo. Kila ukoo ulisema kinachotokea kwake. Sisi ndio tuliokuwa tukiuliza "pumu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

Mwaka 2009 watu wakauliza vizuri. Waliwachagua wagonjwa ambao pumu yao kali imejaa eosinofili hata wakiwa kwenye steroidi, na wakahesabu mashambulio badala ya kupima mshtuko wa mirija. Kwenye mojawapo ya majaribio hayo, waliopata dawa walikuwa na wastani wa mashambulio 2.0 kwa mtu katika wiki 50, na waliopata dawa bandia 3.4. Mshtuko wa mirija haukubadilika safari hii pia. Dawa hiyo, mepolizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na kuna watu wanaofanya kazi na kulala usiku kwa sababu yake. Alichokisema panya tangu mwanzo, kwamba ukiiondoa IL-5 eosinofili zinaondoka, kilikuwa kweli tupu. Kilichopotea ni miaka.

Nimeshaona mara nyingi mno profesa akisimama mbele ya watu na kusema "dawa hii inatibu pumu kwa panya". Neno pumu pale ni la mkopo. Sema inapunguza eosinofili kwa panya wa BALB/c waliopewa yai, nami nitakusikiliza hadi mwisho.

Swali zuri huonekana. Kuna jamii mbili za wakulima Marekani, Waamish na Wahutterite, ambao asili yao na maisha yao yanafanana sana, isipokuwa Waamish wanalima kwa njia za kale na watoto wanakua karibu na zizi, wakati Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine. Mwaka 2016 utafiti uliripoti pumu kwa watoto wa Waamish kuwa asilimia 5.2 na kwa Wahutterite asilimia 21.3. Wangeishia hapo tungebishana milele kuhusu sababu. Badala yake walichukua vumbi la nyumba za pande zote mbili wakawadondoshea panya puani, wale wale wa yai. Vumbi la Waamish liliwakinga, la Wahutterite halikuwakinga, na panya walipozimiwa njia ya kinga ya asili inayohusika na vijidudu, ulinzi ule ukatoweka. Hakuna mtoto ambaye ungeweza kumfanyia hivyo. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba panya wetu wa vizimba safi, wasioguswa na vijidudu vya maradhi, wana kinga inayofanana na ya mtoto mchanga, na panya wachafu wa maduka ya wanyama wa kufuga ndio wanaomkaribia mtu mzima. Nilimsomea Bi Mkubwa habari hiyo kwenye simu. Alicheka hadi akakohoa. Miaka yote alikuwa anatugombeza tusiingie na viatu vya nje.

Baada ya kipimo changu nilihamishwa kutoka nyumba ya wanyama. Nilikuwa na huzuni kuliko nilivyotarajia. Sasa nafanya kazi ghorofa ya juu, kwenye vipande vya mapafu ya watu. Mtu akifanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu na akaridhia, sehemu yenye afya iliyo mbali na uvimbe inaletwa kwetu. Tunaijaza utomvu wa agarosi uliopashwa moto, unaganda, kisha tunaikata kwa mashine vipande vyembamba, karibu robo ya milimita. Chini ya hadubini unaona mrija wa hewa kama pete, na ndani yake vinyweleo bado vinapepea siku kadhaa baada ya mwenyewe kuamka kwenye nusukaputi. Ukidondosha methakolini pete inajifunga polepole mbele ya macho yako. Ukiweka salbutamoli inafunguka. Mara ya kwanza nilishika kifua.

Nilimwonyesha mpwa wangu video. "Si mngeanza na hiki?" Tungeanza, lakini kipande kile hakina damu inayopita, hakina uboho wa kuleta eosinofili, hakina ubongo wa kukipelekea habari. Hakiumwi wiki tatu. Kinajibu juu ya misuli, kikijibu vizuri kuliko panya, na kuhusu mengine kinanyamaza. Siku hizi sheria nazo zinasogea: Marekani iliondoa mwishoni mwa mwaka 2022 lile sharti la lazima la kujaribu dawa kwa wanyama kabla ya watu, na Aprili 2025 mamlaka yao ya dawa ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua wanyama kwenye majaribio ya dawa za kingamwili. Nimefurahi. Lakini kadirio la Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2019 ni watu milioni 262 wenye pumu na vifo 455,000, na nisingependa mtu afute simbilisi na panya kwenye orodha kwa sababu tu tulizoea kuwauliza mambo wasiyoyajua.

Alibaki hajaridhika. Ni sawa. Ameniambia anataka kusomea udaktari wa mifugo.

Wiki iliyopita tulikwenda kumtembelea mwenzangu wa kazini. Ana paka wa miaka tisa ambaye kwa muda mrefu walidhani anakabwa na manyoya aliyojilamba. Anachuchumaa, shingo ameinyoosha mbele, anakohoa, hakitoki kitu. Kumbe ni pumu. Paka ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoipata wenyewe bila kupikiwa na mtu, eosinofili zote zikiwamo. Mwenzangu akachukua kibarakoa kidogo kilichounganishwa na kichupa kirefu cha plastiki, akabonyeza flutikasoni, dawa ileile iliyomo kwenye inhela yangu, akakiweka usoni pa paka kwa upole. Mpwa wangu akapiga magoti karibu akawa anahesabu pumzi kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Mimi nimesimama mlangoni, mbali kidogo, maana kipimo cha ngozi kilionyesha nina mzio wa paka pia.

Walipofika saba paka akageuza uso, kazi imekwisha. Mpwa wangu akanitazama.

"Wewe mjomba, yako umevuta leo?"

Sikuwa nimevuta.